Lami haihitaji dereva: barabara, mwendokasi na reli katika bajeti yetu

Bajeti ya Wizara ya Ujenzi ikifika bungeni Dodoma, wabunge husimama mmoja baada ya mwingine kuomba kilomita za lami. Njia ya baiskeli ni nadra kuisikia. Wapo wanaouona mtindo huu kuwa ulevi wa lami, na wanataka fedha zihamishiwe kwenye reli na mabasi. Mimi nadhani wabunge wengi wana haki, ila haki yao haifiki mjini.

Tuanze na upande wao. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, inasimamia zaidi ya kilomita 144,000, na sehemu kubwa kabisa ni udongo na changarawe. Masika yakibeba kalavati moja, mahindi yanaozea ghalani na mjamzito anabebwa kwa machela hadi barabara kuu. Kumwambia mtu huyo kwamba treni ina faida kuliko gari ni kumdhihaki, maana hata kituo cha treni hafiki bila barabara. Hata baiskeli, ambayo Shinyanga na Tabora ni chombo cha kazi hasa, haipiti kwenye korongo. Mwaka 2021 Serikali ilipoongeza Sh 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi, tulinung'unika sana, lakini ni tozo chache zenye sababu iliyo wazi kama ile.

Dar es Salaam ni habari nyingine. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38, na dawa iliyopendwa kwa foleni imekuwa kupanua na kupandisha: daraja la Mfugale pale Tazara mwaka 2018, la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, na njia nane za Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, zilizotanguliwa na bomoabomoa ya nyumba ya 2017. Watetezi wa njia nane wanakumbusha kwamba malori ya Zambia, Kongo na Rwanda yanatoka bandarini kwa barabara hiyo hiyo. Ni kweli, na kwa malori sina ubishi. Lakini njia nane zilipofunguliwa, aliyetoka Kibamba na gari lake asubuhi akifika Kimara alikuta njia mbili tu za kuelekea Ubungo nje ya zile za mabasi. Tulipanua mdomo wa chupa, shingo ikabaki vilevile.

Hesabu yenyewe haina siri. Njia moja ya magari madogo, mambo yakienda vizuri, hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa, mengi yakiwa na mtu mmoja au wawili. Basi refu la mwendokasi, yaani mabasi ya jijini yenye njia yao peke yao, hubeba watu wapatao 150. Likipita moja kila dakika, njia ile ile inapitisha watu 9,000.

Kama ingekuwa hesabu tu, mjadala ungeishia hapo. Mwendokasi ulianza Mei 2016 kwa kilomita 21 na mabasi 140, na mwanzoni safari ya Kimara hadi Posta ilifupika hata wenye magari wakaanza kuyaacha nyumbani. Mwaka 2018 jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Baadaye kila abiria anajua kilichofuata: mabasi yakapungua kwa kuchakaa, vituo vikafurika, watu wakaanza kupandia madirishani. Karakana ilikuwa imejengwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na mafuriko hayakuchelewa kuitembelea. Halafu ikaja njia ya Mbagala, kilomita 20.3 za zege safi. Ujenzi ulikuwa umekamilika kwa kiasi kikubwa mwaka 2023, ila mabasi yalianza kubeba abiria mwaka 2025. Kwa muda wote huo wakazi wa Mbagala walikuwa wakiitazama njia tupu wakiwa wamebanana kwenye daladala.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Barabara ikishazinduliwa, mtumiaji anakuja na gari lake, mafuta yake na dereva wake. Serikali inabaki na kuziba mashimo, na hata hiyo ina Mfuko wa Barabara unaolishwa na tozo ya mafuta. Usafiri wa umma ni kinyume: siku ya kukata utepe ndiyo siku gharama zinaanza. Madereva walipwe, vipuri viagizwe, tiketi zifanye kazi, mabasi mapya yawe yamefika kabla ya yale ya zamani kufa. Mwendokasi haukupewa mfuko wa namna hiyo. Ulitakiwa kujiendesha kwa nauli, iliyoanza kwa Sh 650 kwenye njia kuu, na nauli yenyewe mwendeshaji hajipangii.

Watasema: mbona daladala linajilipa? Linajilipa kwa kusubiri lijae, kwa gari kuukuu, na kwa konda anayening'inia mlangoni. Hoja nzito zaidi ni ile ya mkulima wa Namtumbo, kule Ruvuma: kwa nini kodi yake ipunguze nauli ya mtu wa Dar? Ni swali la haki. Lakini daraja la Kijazi nalo lilijengwa kwa mkopo ambao mkulima huyo huyo anaulipa, na gari la kupita juu yake hana.

Kwa reli nitakuwa mfupi. Treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, imebadilisha safari ndefu, na kila kontena litakalotoka barabarani ni nafuu kwa lami. Ila kwa foleni ya jijini, somo la karibu zaidi ni treni ya Mwakyembe ya 2012, treni ya abiria wa jijini iliyoitwa kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, iliyotumia reli za zamani zilizokuwepo tayari kati ya Stesheni na Ubungo. Waenda kwa miguu na wenye baiskeli wanahitaji fedha ndogo kuliko wote, na labda ndiyo maana hawana mkandarasi wa kuwasemea. Njia zao zimeegeshwa bodaboda na kupangwa meza za machinga ambao hawakutengewa mahali pengine.

Kwa hiyo vijijini ningeacha fedha za barabara zilivyo, na ningeziongeza kwenye zile ndogo. Mjini ningesimamisha upanuzi na kuhamishia fedha kwenye mabasi, kwa sharti moja: fungu la uendeshaji lipitishwe pamoja na la ujenzi. Njia za mwendokasi za Gongo la Mboto na Tegeta zimefuata nyuma ya Mbagala. Mbunge akisimama kuziulizia, asiulize zege limefika asilimia ngapi. Aulize mkataba wa mabasi umesainiwa na nani, yanafika lini, na karakana iko upande gani wa mto.