Vita vya Kongo: nani alivuna, nani analipa

Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague iliiamuru Uganda iilipe Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003, jeshi la Uganda lilipoingia huko. Kati ya hizo, milioni 225 ni za watu waliouawa, waliojeruhiwa na waliofukuzwa makwao, 40 za mali iliyoharibiwa, na 60 za dhahabu, almasi, mbao na maliasili nyingine. Malipo yalipangwa kwa awamu tano, milioni 65 kila mwaka. Kwa kuwa Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11, wapo Waganda wanaosema tumeponea chupuchupu. Wengine huenda mbali zaidi na kudai kwamba vita vile, ukipiga hesabu zote, vimetulipa.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Mwaka 2023 Uganda iliuza nje dhahabu ya zaidi ya dola bilioni 2, ikaipita kahawa yetu, ilhali migodi yetu wenyewe hutoa kidogo tu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba dhahabu ya Ituri, mkoa wa Kongo unaopakana nasi, na maeneo jirani huvushwa kimagendo hadi Kampala, na njia hizo zilishika kasi majeshi yetu yalipokuwa huko. Tena kuna suala la usalama, na hili watu wa Kasese, wilaya ya mpakani, hawahitaji kufundishwa. Juni 1998 waasi wa ADF, kundi la Uganda lenye ngome mashariki mwa Kongo, waliwateketeza wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kichwamba kwa moto. Juni 2023 wakarudi, wakaua watu 42 katika mji wa mpakani wa Mpondwe, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Anayesema jeshi lingekaa tu likisubiri mpakani, awaeleze wazazi wa watoto hao.

Lakini hoja ya usalama na hoja ya faida ni vitu viwili, na tatizo huanza zinapofungwa kwenye furushi moja. Katika hukumu yake ya 2005, mahakama haikuona ushahidi kwamba serikali ilikuwa na sera ya kupora Kongo. Iliona kwamba maafisa na askari walipora, na kwamba Uganda, iliyokuwa imeikalia Ituri, haikuwazuia. Maana yake ni kwamba mali iliingia kwenye mifuko ya watu, deni likaangukia hazina. Milioni 65 za mwaka mmoja ni zaidi ya shilingi bilioni 200, na zinatoka kwenye kodi ile ile inayokatwa mshahara wa mwalimu na kuongezwa kwenye bei ya sukari.

Hata hiyo dhahabu inayojaza takwimu huacha kidogo nchini. Kilo moja mwaka 2023 ilikuwa na thamani ya takriban dola 60,000, na tozo ya kusafirisha nje dhahabu iliyosafishwa iliwekwa kuwa dola 200 kwa kilo. Hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja. Mfanyabiashara wa dhahabu hapotezi sana mashariki mwa Kongo kukivurugika. Pengine hata hupata kwa bei nafuu zaidi.

Linganisha na soko la Mpondwe. Siku ya soko, akina mama wa Bwera huvuka na samaki wakavu, sabuni na mchele, malori yakipanga foleni na saruji na mabati, na wateja kutoka Kasindi na Beni, upande wa Kongo, hulipa kwa dola. Zikisikika risasi ng'ambo, mteja haji, na samaki hakai wiki nzima akimsubiri. Kule Bunagana, mji mwingine wa mpakani, waasi wa Kongo wa M23 walipouteka Juni 2022, biashara ya kawaida iliporomoka vivyo hivyo. Watu hawa hawana njia ya kufaidika na vita hata kidogo.

Ndiyo maana mpango wa Uganda wa kusaidia kujenga kilomita 223 za barabara ndani ya Kongo, ikiwemo Kasindi hadi Beni, naona una mantiki kuliko wakosoaji wanavyokubali, mradi mikataba yake iwekwe wazi. Barabara itamsaidia mwenye samaki na mwenye saruji. Itamsaidia pia mvushaji wa dhahabu, kwa hiyo kabla ya lami kukauka, serikali itangaze kila kilo ya dhahabu inayotoka uwanja wa ndege wa Entebbe ilichimbwa wapi na nani aliiingiza nchini.