Mbu si sindano

Jirani yangu hapa Kisauni, Mombasa, alimhamisha mwanawe chumba kwa sababu ya mbu. Mtoto alikuwa akilala na mama yake mdogo, ambaye anaishi na virusi vya ukimwi. "Mbu akimuuma yeye kisha akamuuma mwanangu, si ndiyo yale yale?" aliniuliza. Mdogo wake alikuwa ukumbini, akisikia kila neno.

Swali hilo nalisikia barazani kila masika, na linawaumiza watu wasio na kosa.

Mrija wa mbu una njia mbili: moja ya kufyonza damu, nyingine ya kutema mate. Unapoumwa, unatiwa mate. Damu ya aliyeumwa kabla yako iko tumboni mwa mbu inasagwa, na virusi vya ukimwi, ambavyo haviwezi kuzaana mwilini mwa mbu, husagwa pamoja nayo. Vinaishia hapo.

Kimelea cha malaria kina ujuzi wa safari. Kikiingia tumboni mwa mbu jike wa aina ya Anofelesi hupenya ukuta wa tumbo na kuzaana, kisha wazao wake huelekea kwenye tezi za mate. Huchukua siku 10 hivi au zaidi, na mbu akifa kabla, hamwambukizi mtu. Ronald Ross alikiona kimelea hicho ndani ya mbu kule India mwaka 1897. Virusi vya dengi na chikungunya navyo hujua njia ya kufika mateni, ila mbeba wao mkuu ni mbu wa aina nyingine, Aedesi. Matende nayo huletwa na minyoo ambayo wachanga wake hukulia kwenye misuli ya mbu.

Sasa linalonichoma moyo. Tunamkimbia mwenzetu chumbani, na uani pipa liko wazi! Chikungunya ililipiga jiji hili mwaka 2004, ikarudi mwishoni mwa 2017, watu wakashindwa hata kukunja magoti kwa maumivu ya viungo. Aedesi huuma mchana, kwa hivyo neti ya usiku peke yake haitufai kwake. Hupenda maji yaliyotuama ndani ya vyombo, na sisi vyombo tunavyo tele, kwani mifereji hukauka siku nyingi na lazima tuweke akiba. Simlaumu mama mwenye pipa. Nawalaumu wanaotuacha bila maji. Lakini pipa lifunikwe, na kila wiki lisuguliwe kuta zake, maana mayai hugandia pale juu ya maji na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa. Kumwaga maji tu hakutoshi.

Usiku ule mtoto alirudi kwa mama yake mdogo, wakalala chini ya neti moja. Asubuhi jirani yangu nami tulilimwaga pipa la uani. Viluwiluwi walikuwemo, wakijinyonganyonga kwenye maji ya mwisho, nasi tukasugua kwa brashi mpaka chini.