Mwenye mzigo yuko wapi?

Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Addis Ababa, na mojawapo ya waliyokubaliana ni kupiga marufuku kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Nilifurahi, na bado naona walifanya vyema. Ila tangu hapo tumejipongeza kupita kiasi, kana kwamba sheria imeshamaliza kazi yake kwa punda. Tumemwokoa na kisu. Fimbo, kamba na shehena tumemwachia.

Kwa asiyeifahamu biashara yenyewe: ngozi ya punda huchemshwa mpaka itoe gundi, na gundi hiyo, ejiao, ni dawa inayopendwa sana China. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 China ilikuwa na punda zaidi ya milioni 10. Walipoadimika huko, wanunuzi wakatugeukia sisi. Kenya ilikuwa imeshamwingiza punda kwenye orodha ya wanyama wa kuliwa mwaka 1999, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Kuanzia 2016 machinjio yakafunguliwa Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Upande wa Tanzania kulikuwa na ya Dodoma na Shinyanga. Na punda hazaliani kama kuku. Mimba yake huchukua karibu mwaka mzima, mtoto huwa mmoja, na mtoto huyo hawezi kazi ya maana kabla ya kutimiza miaka mitatu hivi. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8. Ile ya 2019 ilipata kama milioni 1.2.

Wizi nao ulishamiri. Kajiado, Narok, Naivasha, watu waliamka wakakuta zizi tupu, na kwenye kichaka cha jirani punda wao wamelala wamechunwa, nyama imeachiwa fisi. Mama aliyekuwa akichota maji kwa punda alirudi kubeba dumu la lita 20 mgongoni mwake.

Februari 2020 aliyekuwa Waziri wa Kilimo wa Kenya, Peter Munya, alitangaza marufuku. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua, baada ya wenye machinjio kwenda kulalamika. Tanzania ikaweka marufuku yake 2022. Vuta nikuvute ilikuwepo, lakini ukiangalia vizuri, vita hivi vilikuwa na uwanja wake. Machinjio yana lango, yana leseni, yana jina kwenye daftari la serikali. Ukitaka kuyafunga unajua kufuli litapachikwa wapi.

Punda aliye hai hana lango. Sheria ya kumlinda ipo, na ni kongwe kuliko wengi wetu. Kenya ina Sura ya 360, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, tangu 1963: inakataza kumchapa mnyama kikatili, kumpiga mateke, kumbebesha kupita uwezo wake, kumtumikisha akiwa mgonjwa au na majeraha. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ambayo lugha yake ni ya kisasa zaidi. Maneno hayakosekani. Adhabu ndiyo kichekesho. Chini ya Sura ya 360, faini ya ukatili haizidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote pamoja. Shilingi 3,000 zilikuwa fedha nzito mwaka 1963. Leo mwenye ploti hutoa zaidi ya hizo kununua simiti ya asubuhi moja, na halalamiki.

Lakini hata faini ikipandishwa mara mia, nina shaka na yule atakayetozwa.

Karibu na kwangu, lami inapoishia, kuna mlima mfupi unaopanda kwenda kwenye viwanja vipya. Lori haliwezi kugeuka kule, kwa hiyo mawe ya kujengea hupanda kwa mikokoteni ya punda. Matandiko ni kamba ya nailoni iliyozungushiwa gunia. Gunia likichakaa, kamba hubaki inasuguana na ngozi. Kidonda huanza kifuani, ukubwa wa sarafu, manyoya yamenyonyoka tu. Wiki mbili tatu baadaye nyama nyekundu iko nje na inzi wameshaijua anwani. Mlimani punda hupiga magoti ya mbele. Kijana anayemswaga humtandika kiunoni kwa kipande cha mpira, kisha anazunguka nyuma na kusukuma mkokoteni kwa bega lake mwenyewe, mishipa ya shingo imemtoka. Wakifika juu, wote wawili wanatweta.

Nimezungumza na kijana huyo. Punda si wake, wala mkokoteni. Jioni sharti ampelekee tajiri hesabu, na kinachobaki ndicho chakula chake. Na mwenye kujenga hamlipi kwa saa wala kwa siku. Hulipa kwa jiwe lililofika. Akipakia machache atapanda mlima ule mara mbili kwa pesa zilezile, na jua halimsubiri. Basi hupakia mpaka ubao wa mkokoteni ulie.

Siku askari akiikumbuka Sura ya 360, atamkamata nani? Ni huyu kijana, maana ndiye ameshika kipande cha mpira mkononi. Ukatili wake ni wa kweli, simtetei. Lakini yeye ni mkono tu. Mwenye punda yuko nyumbani anangoja hesabu. Mwenye mzigo amesimama kivulini juu ya mlima, anahesabu mawe, ameiona shehena ikija, amemwona punda akianguka, na kitakachomkasirisha ni jiwe lililovunjika. Sijawahi kusikia huyu akiulizwa swali lolote. Waliosema afe punda mzigo ufike walijua kwamba mwisho wa safari kuna mtu anaungoja huo mzigo. Bei yake ndiyo inayopakia mkokoteni.

Lamu wamejaribu njia nyingine. Vichochoro vya mji ule haviruhusu gari, kwa hiyo punda ndiye hubeba simiti, boriti na mchanga unaoshushwa majahazini, umejazwa kwenye shogi, ule mfuko wa mizigo anaotandikwa mgongoni, mpaka tumbo lake halionekani. Tangu 1987 shirika la Uingereza, The Donkey Sanctuary, lina kliniki pale mjini ambako punda hutibiwa bure, na hufanya mashindano ya punda waliotunzwa vizuri, wenye punda wakashinda tuzo mbele ya mji mzima. Napenda sana wazo hilo. Mtu atamwosha punda wake kwa ajili ya sifa kuliko kwa kuogopa askari. Hata hivyo linategemea mfuko wa wahisani, na linafaa zaidi mji ambao watu wake humtambua punda wa fulani kwa kumwona tu. Kwenye miji yetu ya bara, ambako punda huazimwa na kukodishwa mikononi mwa watu watatu kwa wiki, sioni nani atakayekuja kuchukua tuzo.

Nitaambiwa kuwa sisi tunaoandika habari za punda hatujalala njaa. Huenda. Lakini waulizeni walioibiwa wakati ule wa machinjio kama punda wao walikuwa anasa. Punda akifa kwa mzigo, tajiri atatafuta mwingine. Kijana ndiye atakayekaa bila kazi. Kidonda kikitibiwa mapema kwa maji ya chumvi na siku chache za kupumzika, punda huyo atafanya kazi miaka mingi bado. Kumpumzisha ndiko kunakogharimu, na kwa sasa gharama hiyo haina wa kuilipa, kwa kuwa mwenye mzigo ameshaitoa kwenye bei.

Kwa hiyo napendekeza sheria imtaje huyo waziwazi: anayeagiza au kupokea mzigo uliomzidi punda awe na kosa sawa na aliyeupakia, na faini ihesabiwe kwa thamani ya mzigo wenyewe. Kaunti nazo hazihitaji kuajiri jeshi la wakaguzi. Kwenye masoko mengi kila mkokoteni husimamishwa getini, ukatozwa ushuru na kupewa risiti, na karani wa ushuru hakosi hata siku ya mvua. Apewe mamlaka ya kumrudisha punda mwenye kidonda wazi na mkokoteni uliopita alama iliyochorwa ubavuni. Na kwenye kile kitabu chake cha risiti, chini ya tarehe na kiasi kilicholipwa, uongezwe mstari wa jina na simu ya mwenye mzigo.