Mtaalamu wa kodi alivyonianika mbele ya wakwe

Kwa vile binamu yangu ameshaeneza hii stori kwa grupu ya familia, ya kanisa, na ile ya chama ambayo hata mimi si memba, acheni niwaambie ilivyokuwa. Kwanza, sikulia, ulikuwa moshi wa jikoni. Pili, hakuna mahali nilipiga magoti, nilikuwa naokota simu.

Mnajua niko Doha, mnajua nimekuja likizo Juni hii, na wenye PIN ya kodi mnajua Juni ndio mwezi wa mwisho wa kufaili ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka uliopita. Miaka yote nimekuwa nafaili nil, yaani sina mapato, pale saiba, kijana anabonyeza bonyeza, anasema "imeingia", namlipa, naenda zangu. Mwaka huu jamaa tunayekaa naye kule akanitia baridi, eti huwezi kufaili tu hivyo, kwanza lazima ijulikane kama wewe ni mkaazi wa Kenya kikodi au si mkaazi, maana mkaazi anatozwa hata mshahara wa ng'ambo. Na Qatar mshahara haukatwi kodi! Nimekuwa nikila wangu mzima mzima bila wasiwasi. Nikatafuta mtaalamu wa kodi mbio, nikamtumia picha za pasipoti, kurasa zote kama alivyotaka, akasema atanipigia.

Akapiga siku ambayo mamamkwe na mashemeji wamekuja kunisalimia.

Sasa mtauliza kwa nini nilipokea kwa spika. Simu yangu ilianguka kwa ndoo ya maji na upande wa sikio ukafa, bila spika husikii kitu. Na pale kwetu netwaki iko chini ya mti mmoja tu, ndiko viti vya wageni vilikuwa vimepangwa. Halafu tusidanganyane, nilitaka mamamkwe asikie kwamba binti yake ameolewa na mtu mwenye mtaalamu wa kodi.

"Bwana, swali la kwanza. Una makao ya kudumu hapa Kenya?"

Jamani. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mke wangu yuko hapo, mama yake yuko hapo, na miezi yote nimekuwa naweka nyumba kwa stetasi, leo ukuta, kesho vigae, na mashemeji wanajibu kwa mioto. Nikakohoa kidogo nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Ninayo! Vyumba vinne, na ya wageni kando!" Mamamkwe akatingisha kichwa polepole, ile ya kuridhika. Ilikuwa dakika tamu sana hiyo.

"Sawa," akasema mtaalamu. "Basi kama una makao ya kudumu hapa, hizo hesabu za siku 183 hatuendi. Hizo ni za asiye na makao, siku 183 ndani ya mwaka, au awe amekuja mwaka huo na miwili iliyotangulia, wastani upite siku 122 kwa mwaka. Wewe ukikanyaga Kenya hata siku moja tu mwaka huo, ni mkaazi. Mshahara wa Doha wote unaingia kwa hesabu. Ungekuwa umekatwa kodi huko tungeomba upunguziwe, lakini hukukatwa."

Kichwani nikaanza kupiga hesabu haraka haraka. Ukipita shilingi 32,333 kwa mwezi, kinachofuata kinakatwa asilimia 30, na ile nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi hata haishtui. Mara mwaka mzima. Jasho. Halafu nikakumbuka tunafaili ya mwaka jana, nikaruka, "Lakini mwaka jana sikuja! Sikukanyaga kabisa! Muulize mama!"

Na mama yangu, Mungu ambariki, yuko hapo anachambua maharagwe, akainua sauti ifike kwa simu, "Ni kweli, hakuja. Hata Krismasi bosi alimnyima ruhusa."

Ushahidi umekamilika, sivyo? Nyumba ninayo, nchini sikuingia, kodi hakuna, heshima ipo. Nilikuwa naanza kutabasamu.

"Ngoja kidogo," akasema mtaalamu.

Tukasikia panya ya kompyuta. Tiki. Tiki. Anavuta picha iwe kubwa.

"Kuna muhuri hapa... umefifia..."

Nikanyosha mkono nizime spika. Kidole kikagusa pembeni, sauti ikaongezeka. NAAPA, ikaongezeka.

"...ni wa kuingia... Desemba. Ya mwaka jana hiyo. Mombasa."

Nyinyi wenye mama mnajua kuna kimya cha aina gani. Mkono wake ulisimama hewani, punje moja ya haragwe katikati ya vidole, haiendi kwa sufuria, haiendi kwa takataka. Kuku alipita. Shemeji mdogo akaacha kutafuna. Mtaalamu wa watu, hajui anachimba kaburi la nani, akaendelea, "Na wa kutoka uko ukurasa unaofuata, Januari. Kwa hiyo ulikuwa hapa sikukuu zote."

"Mombasa?" akauliza mama. Polepole sana, kama anauliza bei. "Mimi nilisimama kanisani nikaomba mbele ya watu wote bosi wako alainishwe moyo."

(Ndio, nilikuwa na wanaume wenzangu ufuoni. Ndio, mke wangu alikuwa anajua, lakini hapo aligeuka akawa hamjui mtu yeyote anayeitwa mimi.)

Na hapo, badala ya kushughulika na mama, akili yangu ilikuwa bado kwa ile asilimia 30. Nikaona mlango mmoja tu umebaki. Nikamwambia mtaalamu kwa sauti ya chini, ambayo kwa spika ni ile ile tu, "Kuhusu ile nyumba. Bado haijaisha."

"Imefika wapi?"

"Karibu."

"Karibu wapi, bwana? Lenta? Mabati?"

"...Msingi."

"Mkwe wangu," mamamkwe akasema, na hajawahi kuniita hivyo kwa upole vile, "vile vigae tuliona ni vya nani?"

Vya intaneti, mama. Sikusema, lakini binamu yangu alisema, kwa sauti, akicheka mpaka akashika mti.

Mtaalamu akapata nguvu upya. "Msingi si makao! Hapo tunaweza kusema huna makao ya kudumu, siku zako ni chache mno, wewe si mkaazi. Labda tu kama kuna mahali pengine unapotunziwa..."

Mama akavuta simu karibu. "Ana chumba hapa kwangu. Kitanda chake kiko, kabati iko, funguo anazo. Tangu azaliwe. Andika hivyo."

"Aah," akasema mtaalamu. "Hiyo sasa inabadilisha mambo."

Nilimwangalia mama. Akarudi kwa maharagwe yake.

Mengine ni ya haraka. Mtaalamu akasema kwa chumba kama hicho hatathubutu kuniandika asiye mkaazi, na tarehe 30 ikipita naongezewa faini ya 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile kubwa. Nikafaili kama mkaazi. Nikalipa. Pesa yenyewe ndiyo ilikuwa ya vigae, vya ukweli safari hii. Mamamkwe alitaka kuona msingi kabla arudi kwao, akapelekwa, akasimama pale panapofaa kuwa sebule na mahindi yamemzunguka, akauliza choo kitakuwa upande gani.

Na mama ameanza kuuliza kama sirikali huwa inamlipa kitu mtu anayetunza makao ya kudumu ya mwenzake.