Mfamasia, mzee si kijana mwenye mvi

Mzee wa miaka 80 akifika dirishani na cheti cha diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, miligramu 5 kila usiku, mfamasia anayehesabu vidonge na kuandika 1x1 tu hajafanya kazi yake. Dawa hii hujificha kwenye mafuta, na mwili wa uzeeni una mafuta mengi zaidi na misuli kidogo kuliko wa ujanani. Kijana wa miaka 20 hupunguza nusu yake katika damu kwa takriban saa 20. Kwa mzee huyu zinaweza kufika 90. Kidonge cha leo kinakuta cha jana na cha juzi bado vimo. Wiki haijaisha, mzee anapepesuka alfajiri akienda chooni, anaanguka, nyonga inavunjika. Watu wanasema ni uzee.

Kinachoniuma zaidi ni dawa kuzaa dawa. Mzee anapewa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, mikono inaanza kutetemeka. Anaandikiwa benzheksoli ya kutuliza mtetemo. Mdomo unakauka, mkojo unagoma, usiku anaongea na watu wasiokuwepo. Haloperidoli inaongezwa. Kila cheti kikisomwa peke yake hakina kosa. Mnyororo huonekana vikikutana, na mara nyingi hukutana kwa mfamasia, maana walioandika ni madaktari tofauti.

Kwa hiyo aombe mfuko mzima wa dawa, pamoja na za mafua na mzio ambazo mzee amejinunulia: klorofeniramini ya mzio ikikutana na amitriptilini ya sonona, kuchanganyikiwa na choo kigumu huzidi. Akiona lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka kupita kiasi, atafute dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, na dawa za presha za kukojosha. Hizo huzuia figo kuitoa lithiamu, nayo hupanda hadi kuwa sumu: kuhara, kuyumba, ulimi mzito. Sitalopramu, dawa nyingine ya sonona, baada ya miaka 60 isizidi miligramu 20 kwa siku, maana ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Orodha ya Beers, ya dawa za kuepukwa au kuangaliwa sana kwa wazee, iliyotoka mara ya kwanza 1991 na kuhuishwa 2023, ingefaa ibandikwe mahali dawa zinapofungwa, si kuachwa darasani.

Ila asimwambie mzee aache diazepamu ghafla. Aliyeizoea anaweza kupata degedege. Hupunguzwa kwa mpango na daktari, robo ya dozi au chini ya hapo kila wiki mbili, na polepole zaidi mwishoni. Simu kwa daktari huyo ipigwe mzee akiwa bado amekaa pale, kabla vidonge havijafungwa.