Mjane na Bangi Zake

Kiingereza nilikuwa nakijua, na ndicho kilichoniponza. Asiyejua huuliza.

Kanisa letu huku kijijini, mkoani Tanga, lilikuwa linaadhimisha kuanzishwa kwake. Padre akapata nakala ya barua ambayo nesi mmoja Mwingereza wa misheni aliwaandikia nduguze zama za Mjerumani. Kurasa mbili tu. "Mwanangu, wewe si ndiye mmwaga ung'eng'e? Itafsiri, utaisoma baada ya mahubiri." Mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyefundisha Kiingereza mpaka nywele zikaota mvi, akajitolea kuipitia. Nikamwambia asijisumbue.

Jumapili ikafika. Nimechomekea, tai imenikaba, nakohoa kisomi. Aya ya kwanza ilikwenda vizuri: mvua, homa, nyoka darini. Ya pili ikaanza hivi: "Asubuhi Sista alivaa tabia yake, akatoka." Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa heshima, kana kwamba masista wa zamani walikuwa na tabia mpaka za kuvaa.

Nikaendelea. "Mke wa mkuu wa kituo alikaa saa nzima chooni, akatoka amependeza sana." Benchi la nyuma, wanakokaa watu wa zahanati, wakaanza kunong'ona. Nilisikia neno amiba.

"Mtoto alipozaliwa, tukamzungushia makofi." Hapo kina mama wakaguna kwa pamoja. Mimi sikutikisika, maana usiku ule niliifikiria sana sentensi hii: "clout" ni kofi, na mtoto mchanga si hupigwa kidogo ili alie? Nikaona imekaa sawa.

Kisha nikamfikia mjane. Barua ilisema amekaa mlangoni "in her weeds". Simu ilinipa magugu. Nikapima: mtu hawezi kukaa mlangoni ndani ya magugu, huyo atakuwa shambani. Lakini vijana wa mjini "weed" wanaita nini? Basi nikasoma kwa sauti ya kujiamini: "Mlangoni tulimkuta mjane, katulia na bangi zake."

Kimya. Halafu besi mmoja wa kwaya akapasuka, na sauti ya besi haifichiki. Kumbe mjane mwenyewe alitajwa kwa jina, na mjukuu wake, bibi wa miaka themanini na kitu, ndiye aliyekuwa mgeni wa heshima, benchi la mbele, kanga mpya. Padre akasimama ghafla. "Tuimbe."

Nilijificha chini ya mwembe na sahani yangu ya pilau. Mwalimu akanifuata huko huko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu lete hiyo barua."

Aliisoma yote bila kucheka, afadhali angecheka. "Weed ya shambani na hii ya mjane ni maneno mawili, hayana hata undugu. Yamekutana njiani tu, kama kaa la moto na kaa wa pwani. Hii ni ya kale, maana yake vazi, vazi lolote. Siku zilivyokwenda ikabaki kwa wajane: nguo zao nyeusi za msiba."

"Na habit?"

"Kanzu ya mtawa. Hiyo hata picha ukutani ingekwambia."

"Na huyu wa chooni?"

Hapo ndipo alipovuta kiti. Toilet, akasema, imetoka kwa Wafaransa, kitambaa kidogo. Kwanza kilikuwa cha kufungia nguo. Kikahamia kutandikwa juu ya meza ya kujipambia. Kisha neno likawa kule kujipamba kwenyewe: kuchana nywele, kupaka poda, kuvaa. Kisha likawa chumba. "Ndipo mwisho wa safari likafika huko ulikompeleka mke wa watu kwa saa nzima."

Clout nayo ni kitambaa, tambara. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema Yeremia alipokuwa akitolewa shimoni aliteremshiwa clouts azitie kwapani, kamba zisimchubue. "Wewe ulidhani walimteremshia makofi?"

Nikajitetea: lugha gani hii, nguo zinageuka magugu! Mwalimu akaniangalia kwa huruma. "Na Mwingereza akiambiwa nyumba ya jirani wamekaa matanga, kesho wanaondoa matanga, si atateremka ufukweni kutafuta jahazi?"

Nilikuwa bado natafuta jibu nilipomwona bibi yule anakuja, taratibu, na fimbo yake. Nikaweka sahani chini nikapiga goti.

"Shikamoo bibi. Nisamehe, nimekosea. Zilikuwa nguo za msiba, si bangi. Bibi yako hakuwa na bangi yoyote."

Akasimama akanitazama muda mrefu. "Hakuwa nayo kabisa?"

"Kabisa, bibi."

Akashusha pumzi. "Aa, mjukuu wangu, umeniharibia. Maisha yangu yote najiuliza yule mama alikuwa anacheka nini peke yake pale kibarazani, leo nikadhani nimepata jibu."