Ardhi ya Vanuatu ilikuwa ya wenyeji, kalamu ilikuwa ya waziri

Ibara ya 73 ya Katiba ya Vanuatu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, haina maneno mengi: ardhi yote ya Jamhuri ni mali ya wenyeji wanaoimiliki kimila, pamoja na vizazi vyao. Ya 74 inasema kanuni za mila ndizo msingi wa kumiliki na kutumia ardhi. Ya 75 inafunga mlango kabisa, kwamba umiliki wa kudumu ni wa raia wenyeji peke yao.

Uzito wa maneno hayo unatokana na yaliyotangulia. Kuanzia 1906 visiwa hivyo, wakati huo vikiitwa New Hebrides, vilitawaliwa na Uingereza na Ufaransa kwa pamoja. Polisi walikuwa wa aina mbili, magereza ya aina mbili, shule za aina mbili. Mwenyeji mwenyewe hakuwa raia wa Uingereza wala wa Ufaransa. Kisheria hakuwa na nchi. Minazi ya walowezi ilisimama juu ya ardhi ambayo wazee walisema waliruhusu tu itumiwe, hawakuiuza. Kwa hiyo Katiba ya 1979, iliyoanza kazi siku ya uhuru, 30 Julai 1980, ilimpa uraia papo hapo kila mtu ambaye babu na bibi zake wote wanne walitoka katika jamii za asili za visiwa hivyo. Kwa Kibislama, lugha ya taifa kwa mujibu wa ibara ya 3, mtu huyo huitwa man ples: mtu wa mahali.

Naona waandishi wa Katiba walichagua vizuri kuweka utambulisho kwenye ardhi. Jirani yao Fiji, baada ya mapinduzi ya 1987, iliuweka kwenye viti vya bunge: Katiba ya 1990 iliwatengea Wafiji wa asili viti 37 kati ya 70 na kutaka waziri mkuu atoke kwao. Kiti hugombaniwa kila uchaguzi; ardhi hubaki.

Udhaifu wa Vanuatu ulikuwa kwenye utaratibu. Nani anathibitisha kwamba ukoo huu ndio wenye ardhi hii? Katiba iliacha hilo kwa sheria za baadaye, ikasema tu kwamba ardhi iliyokuwa imechukuliwa na wageni, ikizuka mgogoro juu ya mwenyewe, Serikali itaishika mpaka mgogoro uishe. Sheria ya ardhi ya 1980 ikampa waziri mamlaka ya kusimamia ardhi hiyo, ikiwa ni pamoja na kutia saini mikataba ya kuipangisha kwa niaba ya wenyewe wasiojulikana bado.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mpaka wa ukoo mara nyingi hutajwa kwa mti mkubwa, kijito au kaburi, na ushahidi wake ni nasaba inayosimuliwa kwa mdomo. Mgogoro hauko mbali. Mwekezaji akakuta kwamba koo zikigombana, yeye anamalizana na ofisi moja badala ya kijiji kizima. Mkataba unaweza kufika miaka 75, ambayo husemwa ni umri wa mnazi. Mwisho wake ukoo ukiutaka uwanja wake, mara nyingi hutakiwa kulipa thamani ya majengo yaliyojengwa juu yake. Wanakijiji watailipia hoteli kwa fedha gani? Sehemu kubwa ya pwani ya kisiwa cha Efate, kuuzunguka mji mkuu Port Vila, imepangishwa.

Kwangu, kazi ya katiba ilikamilika 2013, Ralph Regenvanu akiwa waziri wa ardhi. Sheria mpya zilimnyang'anya waziri kalamu ile. Sasa anayetaka kupanga huomba kwanza kibali cha kufanya mazungumzo. Wenye ardhi hutambuliwa katika nakamal, yaani baraza la kimila. Kisha ridhaa hutolewa na kundi zima, si mzee mmoja. Katiba nayo ilirekebishwa: uamuzi wa baraza juu ya nani mwenye ardhi ni wa mwisho, na Malvatumauri, baraza la taifa la machifu, ambalo awali *liliweza* kuulizwa maoni, sasa *lazima* liulizwe kuhusu miswada ya ardhi na mila.

Jambo moja bado linanipa wasiwasi. Ibara ya 5 inawapa wanawake haki sawa, na mwaka 1995 Mahakama Kuu, katika kesi ya mapato ya ufukwe wa Champagne Beach katika kisiwa cha Santo, iliamua kwamba wanawake wa familia wana haki ya kugawana mapato hayo sawa na wanaume. Uamuzi wa baraza ukiwa wa mwisho, na wanaokaa barazani wakiwa wanaume peke yao, binti wa ukoo atasikilizwa na nani?

Marekebisho hayakufuta mikataba iliyokwisha kusajiliwa. Ile ya miaka 75 ya mwanzo itaanza kumalizika 2055. Wazee wanaojua mti upi ndio mpaka hawatakuwapo, hivyo nasaba na mipaka, pamoja na majina ya akina mama, ziandikwe nakamal sasa hivi.